Kazi ya Kukaa Kitako

Wanangu wa zamu ya asubuhi, siku ile ya keki ya kuniaga mliniambia niwaachie neno. Keki nilikula, neno sikutoa, maana nilikuwa na krimu mdomoni na mwenzenu Amina ananipiga picha. Sasa nimekaa zangu nyumbani Small Heath, miguu juu ya kigoda, hakuna wa kuniita kwamba choo cha juu kimeziba, basi nafasi ninayo. Nitaandika kama ninavyosema. Skuli niliishia darasa la tatu, msinitafutie nukta na mkato.

Mambo ya vyeo siyasemi. Cheo katika kazi yetu ni kubadilishiwa aproni tu. Nitasema kazi yenyewe, na hasa ile wiki ngumu kuliko zote nilizofanya, na wiki hiyo nilikuwa nimekatazwa kushika fagio.

Nilikuja Birmingham kwa binti yangu, mwanzo wa hii miaka ya elfu mbili, kumlelea mtoto. Mtoto akakua, akaenda nasari, mie nikabaki na dirisha. Nimeitazama mvua ya mji huu mpaka nikaijua tabia yake. Siku moja nikamwambia binti yangu, "Mwanangu, nitafutie kazi kabla sijaanza kuzungumza na mapazia."

"Mama, Kiingereza huna."

"Kitanda nacho kinazungumza Kiingereza?"

Akacheka, akanitafutia. Hoteli moja kubwa ya mjini, ghorofa juu ya ghorofa. Siku ya kwanza nikakabidhiwa kwa Miss Pearl, mwanamke wa Kijamaika anayekaa Handsworth, mrefu, saa ameibana kifuani kama nesi. Alikuwa pale tangu mazulia yalipokuwa ya rangi nyingine. Akanipa troli, akanipa ufunguo, akanionyesha korido. Akasema, anza hapa, akaenda zake.

Nikafika mlango wa kwanza nikabisha. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Nikapiga ya tatu, kimya. Kwetu hodi ya tatu usipoitikiwa unaondoka zako kwa heshima yako. Nikaenda mlango wa pili, mambo yale yale. Miss Pearl aliporudi alinikuta nimesimama kando ya troli, mikono kifuani, kama askari wa benki.

"Vimekwisha vingapi?"

"Hakuna. Hawajanikaribisha."

"Kina nani?"

"Wenyewe."

"Wenyewe wameshaondoka, mama! Nani akukaribishe, mto?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa miaka yote tuliyokuwa pamoja, kila akinipita koridoni alikuwa akisema, "Mto umeshakukaribisha leo?" Tulizungumza Kiingereza, mimi changu cha kuokoteza na yeye chake cha Jamaika, na tuliofahamiana vizuri pale ni sisi wawili tu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kitambaa chekundu chooni, cha njano kwenye beseni, cha bluu chumbani, cha kijani jikoni, na ukivichanganya asikuone. Pembe ya shuka ukunje kama bahasha. Kabla hujagusa kitu chumbani, kwanza inama uangalie chini ya kitanda. Mara nyingi nilikuta soksi. Mara moja nilikuta mtu, amelala fofofo, na kitanda juu kimetandikwa. Nikafyonza vumbi kumzunguka, nikatoka.

Na alinifundisha jambo jingine ambalo lilinishinda kulielewa mwanzo. Walikuwako wageni wanaotandika wenyewe, wanaosuuza bafu, taulo wamekunja. Mie nikiwaombea dua. Miss Pearl akanikata kauli. "Usiwashukuru sana. Chumba kisicho na kazi, msimamizi anakifuta kwenye zamu yako. Vikizidi, anakufuta na wewe." Nikaitikia ndiyo, lakini moyoni nikasema huyu mama ana roho ngumu.

Hoteli ile ile, jikoni, alikuwako mwanamke wa Kimoroko aliyekuwa akipika chai ya asubuhi ya wageni. Huyo ndiye Bi Naima wenu. Msimwone leo na miwani yake ya dhahabu, wakati ule tulikuwa tunavua viatu pamoja chumba cha kubadilishia nguo na kulinganisha nani kavimba zaidi. Alikuwa mjane, mtu wa mji wa Fes. Siku zote akisema atafungua nyumba ya wageni kama za kwao, nyumba ambayo ukiingia ndani kuna uwanja, na maji yanacheza katikati, na vyumba vinatazama uwanjani. Tulimcheka. Akanunua nyumba mbili zilizogandana, Small Heath, nyuma ya Coventry Road. Akatoboa ukuta, yadi ya nyuma akaiezeka vioo, akabandika vigae vya kijani na vyeupe, akaweka na mchungwa kwenye pipa. Mchungwa ulilitazama jua la Birmingham ukakata tamaa. Vilivyobaki vyote vilisimama. Akaja akaniambia, "Zuhura, njoo." Nikamuaga Miss Pearl, nikaenda.

Wageni wetu mnawajua. Watu wenye mgonjwa hospitali, watu wa harusi, wazee waliokuja kumwona mtoto chuoni. Mie nikaiosha nyumba ile kama nilivyofundishwa. Vitambaa vinne, dawa ya choo ya kutosha. Siku moja mama mmoja wa Kisomali, amemaliza wiki kwetu, anaondoka, akatuambia mlangoni, "Nyumba yenu safi kama hospitali."

Nikafurahi! Nikamgeukia Bi Naima anipe mkono. Bi Naima uso umemshuka.

"Hospitali," akasema mgeni alipoondoka. "Umesikia? Ametoka kwa mgonjwa wake, amerudi hapa, amekuta hospitali nyingine."

"Lakini kasema safi."

"Zuhura, wewe kusafisha unajua. Kukaribishwa hukujui. Nakwenda kumwona mama yangu Fes. Utafuatana nami, utakaa nyumba ya wageni ya kaka yangu. Ukajifunze."

Hilo neno kujifunza ndilo lililoniponza. Angesema kapumzike, labda ningefahamu. Mimi mtu akiniambia jifunze, nakunja mikono ya nguo.

Tukafika Fes. Mji wa zamani wenyewe umezungushwa ukuta, gari haziingii. Mizigo ikapakiwa kwenye mkokoteni, tukaufuata kwa miguu. Vichochoro vyembamba kuliko vya kwetu Mji Mkongwe, punda anapita amebeba ngozi mbichi, mwenye punda anapiga kelele upishe, na wewe unajibandika ukutani na baibui lako. Nilifurahi kama mtoto. Bi Naima anakwenda mbio, mimi nachungulia kila mlango. Tukasimama mbele ya ukuta mtupu, na kimlango kama cha stoo. Nikasema moyoni, kumbe kaka mtu hana hali. Kikafunguliwa.

Lo! Ndani uwanja wa vigae mpaka juu, bluu, kijani, vyeupe, birika la maji katikati linatiririka taratibu, mbao za dari zimechongwa kama kanga ya bei mbaya. Nyumba hizo wenyewe wanaziita riadi. Na aliyetufungulia ni mwanamke wa makamo yangu, mfupi, kibwebwe kiunoni na ufunguo wa jiko umening'inia hapo. Jina lake Khadija. Mkono mmoja ameshika bakuli la maziwa, mkono wa pili tende. Kabla sijasema salamu alaykum, tende imo mdomoni mwangu.

Bi Khadija alikuwa akiishi humo humo, kijichumba pembeni ya jiko. Alikuwamo tangu nyumba ni ya wazee wa Bi Naima, kabla haijafanywa ya wageni. Mume alikufa, watoto hakujaaliwa, mahali pengine hana. Mwenye nyumba sasa ni kaka, Si Driss. "Si" kwao ni kama bwana, na bibi ni "Lalla". Mtu mpole, mnene, kanzu safi, ofisi yake juu na dirisha linatazama uwanjani. Alikuwa na Kiingereza cha wageni, kama changu. Bi Naima akaniacha pale, akaenda kulala kwa mama yake, mtaa wa pili.

Siku ile ya kwanza nilikaa. Nililetewa chai ya nanaa, nikala mikate ya vitundu inayonyonya asali. Na kila kitu nakiona kinapanda ngazi juu ya magoti ya Bi Khadija. Magoti yanalia! Mie nayasikia, maana yangu yanalia hivyo hivyo. Nikaona haya. Hebu niambieni nyinyi, nani kwetu anakwenda kukaa nyumba ya mtu, mwanamke mwenzie anapanda na kushuka, yeye amenyoosha miguu? Siku ya kwanza sawa, umechoka na safari. Siku ya pili unaingia jikoni, unachukua kibao cha mbuzi, unakuna nazi. Usipofanya hivyo watakusema mpaka harusi ya wajukuu. Na ile haikuwa na sura ya hoteli. Hakuna troli, hakuna namba mlangoni. Ilikuwa nyumba ya mtu.

Basi asubuhi ya pili, nimesali alfajiri, nikaanza. Nikavua shuka zangu, nikapanda nazo darini kwenye karo nikazifua, nikazianika. Nikasugua bafu langu. Nikashuka uwanjani, nikaona ndoo, brashi ya ukindu, na sabuni nyeusi laini kama jamu. Nikavua viatu, nikapandisha gauni, nikapiga deki uwanja mzima huku naimba. Alikuwamo bibi mmoja wa Kifaransa na mumewe, wageni wa chumba cha pembeni. Akashuka, akanitazama, akapanda, akarudi na shati la mumewe, akanipa, akafanya hivi kwa mkono, la kupigwa pasi. Nikalipiga pasi. Sikuona tatizo, pasi yenyewe nzuri.

Bi Khadija aliporudi kununua mkate alisimama mlangoni. Akanitazama mimi, akautazama uwanja, akaangalia juu kwenye dirisha la ofisi. Si Driss alikuwa amesimama hapo. Mie nikampungia mkono na brashi.

Sikuelewa maneno aliyomwambia, yalikuwa ya Kiarabu cha kwao na hayakuwa marefu. Lakini niliuona uso wa Bi Khadija. Alikuja akaninyang'anya brashi bila kunitazama.

Adhuhuri Bi Naima akaja, kapandwa na hasira mpaka mtandio umemkaa upande. "Zuhura! Umefanya nini?"

"Nimesaidia."

"Umemwambia kaka yangu nyumba yake chafu! Mgeni kutoka Uingereza amefua shuka zake mwenyewe. Mgeni amepiga deki. Anasema Khadija amezeeka, hawezi kazi tena. Ijumaa akabidhi ufunguo wa jiko. Mpwa wa mkewe anataka hiyo nafasi siku nyingi, kilichokuwa kinakosekana ni sababu tu."

Nikahisi vigae vinakuwa baridi chini ya miguu. Chumba kisicho na kazi. Miss Pearl alinifundisha kwa herufi kubwa kabisa, na mie nimefanya nyumba nzima isiwe na kazi, mbele ya dirisha la bosi.

"Na chumba chake?" nikauliza.

"Chumba kinakwenda na kazi."

Sikungoja. Nikapanda kwa Si Driss, nikabisha, safari hii nilikaribishwa. Nikamwambia, bwana, Bi Khadija hana kosa, chumba kilikuwa safi, mimi ndivyo nilivyozoea. Akaweka mkono kifuani, akatabasamu. "Lalla Zuhura, una moyo mzuri. Mgeni mwenye adabu humtetea mtumishi." Nikamsifu Bi Khadija zaidi. Akatabasamu zaidi. Kila ninavyosema anazidi kuamini namfichia. Nikashuka nimechoka kuliko kupiga deki.

Bi Naima alikuwa ananingoja. "Umemwombea msamaha?"

"Ndiyo."

"Basi umethibitisha kosa. Sikiliza. Hapa mgeni haombi radhi. Mgeni anataka. Akitaka kitu mbele za watu, mwenye nyumba kumnyima ni aibu yake mpaka kwa majirani."

"Basi nakwenda kutaka sasa hivi."

"Wewe? Na hilo gauni lililolowa? Driss atakuona mfanyakazi anayemtetea mfanyakazi mwenzie. Kwanza uwe mgeni. Ukae, Zuhura. Ukae kitako mpaka Ijumaa, uhudumiwe, akuone. Ndipo utake."

Nikasema, nitakaa. Nilisema kama mtu anayekwenda kupasuliwa.

Asubuhi nikavaa gauni langu la Idi, nikajipaka wanja, nikajitupa kwenye lile sofa refu la uwanjani, chini kabisa ya dirisha la ofisi. Shuka chumbani nimeziacha ovyo. Nimerudi mara mbili kuzivuruga zaidi, maana mkono wenyewe ulikuwa unazinyoosha. Nikaita, "Khadija! Chai!"

Akaja. Kanywea, uso kama ukuta, gilasi akaiweka mezani ko! Alidhani namsimanga. Nimemfukuzisha kazi, sasa nimekaa na wanja nataka chai. Ningekuwa mimi ningemmwagia. Akageuka kuondoka, nikamshika kibwebwe. Kiarabu changu ni cha chuoni, cha kusalia, hakina maneno ya mambo kama haya. Nikamwonyesha dirisha la juu kwa jicho. Nikaonyesha viganja vyangu, nikavikalia, vyote viwili, nikajigeuzageuza kama mtoto aliyekatazwa kitu. Nikasema kwa sauti ndogo, "Driss." Nikaonyesha yeye, nikaonyesha chai, nikaonyesha tena juu.

Akanitazama muda. Halafu midomo ikaanza kumcheza. Akachukua ile gilasi aliyokuwa ameshaiweka, akaimwaga kwenye sinia, akainua birika juu kabisa ya kichwa chake, chai ikashuka kama uzi, povu likapanda, tone halikuanguka pembeni. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka darini, "Bismillah, Lalla!"

Ndipo kazi ilipoanza. Mimi naita, yeye anakuja. Mto! Maji! Mto huu mgumu, mwingine! Na yeye akanogewa kuliko mimi. Nikinyamaza kidogo akipita ananifinya paja niite. Mara moja, Wallahi, alichukua kipande cha mkate kwenye sinia langu, akakisagasaga mkononi, akakimwaga kwenye vigae vyake mwenyewe, akaenda jikoni. Akangoja Si Driss atokeze dirishani, ndipo akaja na ufagio, anafagia taratibu kama anasuka mkeka.

Msidhani nilikuwa nastarehe. Mgongo uliniuma kwa kukaa, ungedhani nimebeba kitanda. Jani likianguka kutoka juu, mguu wangu ulikuwa unainuka peke yake. Bibi wa Kifaransa akaja tena na shati. Nikaliangalia. Lilikuwa na mikunjo mibaya, mie mikunjo inanikera. Nikamwambia, "Hapana, bibi. Mimi ni mgeni hapa." Akawa mwekundu mpaka masikio. Nikapiga kofi sofa pembeni yangu, nikamwambia kaa. Akakaa. Nikaita chai ya pili.

Jioni Bi Naima alikuwa akija kunikagua kama mwalimu. "Umenyanyua kitu?"

"Kijiko."

"Cha nani?"

"Changu."

"Hicho unaruhusiwa."

Ijumaa ikafika. Ijumaa kwao ni siku ya kuskusi, sinia moja kubwa, mboga juu, nyama katikati, na Si Driss mwenyewe anashuka kula na wageni. Tukazunguka sinia, mimi, Bi Naima, yule bibi na mumewe, na wafanyabiashara wawili wa Casablanca waliofika asubuhi. Na mlangoni mwa jiko amesimama msichana mzuri na pochi yake, viatu virefu. Huyo ndiye mpwa. Kaja kupokea ufunguo.

Bi Khadija alipakua kwa mkono wake uliotulia. Kibwebwe kimefungwa vizuri, ufunguo unang'aa, aliupiga sabuni. Hilo ndilo lililoniuma, kuuona umesafishwa ili ukabidhiwe.

Watu wameshiba, Si Driss akafuta mikono, akamgeukia Bi Khadija, akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Si Driss. Nataka kitu."

Katika maisha yangu yote ya kazi, kwa bosi yeyote, sikuwahi kutamka neno hilo. Nimesema samahani, nimesema ndiyo bwana, nimesema nisaidie. Nataka, sijapata kusema.

Akaweka mkono kifuani. "Nyumba yako, Lalla. Sema."

"Mwakani narudi. Nakuja na wanawake wa Birmingham, tutajaza vyumba vya juu vyote. Nataka mlango ule anifungulie huyu." Nikamnyooshea mkono Bi Khadija. "Na chai animiminie huyu huyu. Nikifunguliwa na mtu mwingine, nageuka na watu wangu pale pale kichochoroni."

Bi Naima ameinamia kuskusi kama anatafuta sindano.

"Lalla," akasema Si Driss polepole, "wapo wengine wazuri. Vijana."

"Sijasema wabaya. Nasema namtaka huyu."

Akawatazama wageni. Wafanyabiashara wa Casablanca wanamtazama yeye. Yule bibi wa Kifaransa, ambaye nusu ya maneno hakuyafahamu, akaweka kijiko chini akasema kwa Kiingereza chake, na sisi pia, na sisi tunamtaka huyu. Si Driss akanitazama, akapandisha macho kwenye dirisha lake la ofisi, na hapo nikajua amefahamu kila kitu, chai zote na mito yote. Nikamkazia macho, sikuyashusha. Tumbo lake likaanza kutikisika. Akacheka mpaka akashika meza.

"Marhaba," akasema. "Atafungua yeye."

Mpwa akapelekwa dukani kwa jamaa zao wanaouza mazulia, nasikia alipapenda zaidi, pana watu wa kumtazama viatu. Bi Khadija aliingia jikoni, akafunga mlango, na kwa muda mrefu nilisikia masufuria yakigongana bila sababu.

Kurudi Small Heath nikabadilisha namna ya kufanya kazi. Dawa ya choo sasa tunatia mgeni akitoka, siyo akiwa anakunywa chai. Maziwa na tende mlangoni mnavyovijua vilianza hapo. Na wale mama zetu wa Mombasa na Lubumbashi wanaokuja wakaamka asubuhi wakashika fagio, msiwacheke na msiwaachie. Wapeni gilasi mkononi kwanza. Mtu mwenye gilasi ya moto hawezi kufagia.

Lakini usingizi sikuwa nao sawa. Neno la mbele ya kuskusi, wageni wakiondoka, linaweza kupoa kama kuskusi yenyewe. Nilisema nakuja na watu, basi lazima watu wapatikane. Mwaka ule wote nilikuwa msumbufu. Nikiwaendea msikitini, kwenye mabasi, kwenye foleni ya nyama Coventry Road. Mmoja akasema ataumwa mgongo, nikamwambia njoo uumwe kwenye mto mzuri. Bi Rehema wa Hodge Hill, mtu wa Mombasa, mnamjua kwa ubishi, akaniuliza, "Niende Moroko kwa sababu ya mfunguaji mlango?" Nikamwambia ndiyo. Akanitazama sana, akaenda kununua sanduku.

Tukafika Fes kundi zima, tunajibandika ukutani punda apite, kelele kama skuli imetoka. Mbele ya kile kimlango nikawanyamazisha. Nikabisha. Nyayo zikaja, na mie nazisikiliza, ni viatu virefu au ni magoti yanayolia.

Mlango ukafunguliwa. Bi Khadija. Kibwebwe, ufunguo, bakuli la maziwa. Akanitazama mimi, akawatazama walio nyuma yangu, na machozi yakamjaa, lakini hakupata nafasi ya kuyatoa. Maana Bi Rehema alishapita ubavuni mwangu, mikono ya gauni ameshaikunja, na wenzie nyuma yake, wanauliza jiko liko wapi, wamsaidie huyu mama masikini, peke yake na watu wote hawa.

"Kaeni kitako!" nikasema. "Kaeni nyote! Hapa kuna mtu yuko kazini."